Gia Aliyoikata Singano

Chuma kisichorudi motoni ni kioo.

Ndivyo alivyosema mjomba wenu Hizza jana kwenye kikao, wale ndugu wawili walipokwisha kuambiana ukweli na kila mmoja akataka kuondoka na uso wake umekaza. Niliwaona mlivyotazamana. Mlidhani mzee amechanganyikiwa: watu wanazungumzia shamba la urithi, yeye analeta habari za chuma. Leo mmekuja na chai ya tangawizi ili niwaeleze. Chai nimeipokea, lakini ningewaeleza hata bila chai, maana sipendi methali itembee midomoni mwa watu bila wao kujua kwao ni wapi.

Kwao ni Kwemhosi, kwenye karakana ya shamba la mkonge, na ilizaliwa kwa sababu ya wivu wa mtu mwema. Msishangae. Mtu mbaya akiona wivu hakuna la kusimulia, hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku. Kisa kipo pale mtu mwema anapoamka asubuhi na kukuta kwamba usiku kucha amelala na kijicho.

Mtu huyo aliitwa Singano. Alikuwa fundi wa kukereza vyuma, na alikuwa amesimama mbele ya mashine yake kwa miaka kumi na minne mpaka sakafu pale alipokuwa akisimama ikang'aa. Kwemhosi palikuwa na mashine kubwa ya kusaga majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi nyeupe. Watu wa mkonge huiita korona. Korona ilizungushwa na mota kwa kupitia giaboksi, na ndani ya giaboksi ile, kati ya gia zote kubwa, ilikuwapo moja ndogo, ukubwa wa kifuu cha nazi, iliyobeba mzigo wa nyingine zote. Hiyo ikiisha meno, korona inasimama. Korona ikisimama, mkonge uliokatwa unaoza shambani na watu mia tatu wanapiga miayo.

Enzi hizo vipuri kutoka ng'ambo vilichukua miezi, na vingine havikufika kabisa. Singano ndiye aliyeiokoa Kwemhosi. Alichukua shafti nene ya tingatinga lililokufa, akakata kipande, akakikereza, kisha akakichonga meno ishirini na moja, moja baada ya jingine, yote sawa kama mapacha. Ila gia zake zilikuwa laini. Kila baada ya miezi miwili meno yalikuwa yamelika kama kipande cha sabuni, naye alianza upya kuchonga nyingine. Hakuna aliyemlaumu. Watu walisema, "Gia ya Singano imechoka," kama vile mtu anavyosema ng'ombe wa fulani amezeeka, naye Singano aliitikia na kwenda kuchonga.

Ndipo akaja Mdoe.

Mdoe alitoka pande za Handeni, Mzigua wa ukoo wa wahunzi, kijana wa miaka ishirini na saba, mrefu, mwenye kucheka na kila mtu. Aliiangalia gia ya Singano, akaipapasa meno kwa kidole gumba, akasema imechongwa vizuri mno kuachwa mbichi. Akajenga tanuri la makaa nyuma ya karakana, akaipika gia ile mpaka ikaiva wekundu, akaitumbukiza kwenye pipa la oili chafu. Gia ikaingia kwenye korona mwezi wa Machi. Machi nyingine ikafika, gia bado ina meno yake yote.

Sasa sikilizeni kilichomuuma Singano. Si kwamba Mdoe alijua jambo asilolijua yeye. Kilichomuuma ni kwamba tangu siku ile watu walianza kusema "gia ya Mdoe". Yeye Singano alikuwa ameikata, ameikereza, ameichonga meno ishirini na moja kwa siku tisa, mgongo ukamuuma. Mdoe aliishika asubuhi moja tu. Lakini ilikuwa ya Mdoe.

Hata nyumbani hakupona. Jioni moja mkewe, Mwantumu, alikuwa anampakulia chakula. Akasema kwa nia njema kabisa, "Baba Chausiku, mwaka mzima korona haijasimama, hujakatwa hata siku moja ya mshahara. Mungu ambariki yule Mdoe."

Singano alikuwa ameshika tonge. Akalirudisha kwenye sahani.

"Gia nimechonga mimi," akasema.

"Najua, baba. Nani amesema hukuchonga?"

Ndiyo shida ya wivu, wajukuu zangu. Hakuna aliyekukana, lakini wewe umekanwa.

Basi akawa na ile tunayoiita roho ya kwa nini. Kwa nini Mzee Kaniki, fundi mkuu, anasema "Mdoe, hebu njoo uone" na hasemi "Singano, hebu njoo"? Kwa nini Mdoe akichelewa anaulizwa kama ni mzima, na yeye akichelewa anatazamiwa saa? Alianza kuhesabu salamu. Alijua nani amemsalimia Mdoe kwanza na nani amemsalimia yeye kwanza. Alikijua kicheko cha Mdoe hata mashine zote zikiwa zinanguruma, na kila alipokisikia mkono wake ulikaza mpini wa mashine. Kuna siku alichubua chuma kizuri kwa sababu hiyo, akakitupa, akasema chuma kilikuwa kibovu. Wenzake wakasema kipya kinyemi ingawa kidonda, subiri wamzoee. Lakini watu walizidi kumpenda tu.

Na Mdoe mwenyewe hakuwa na habari. Alimwita "kaka Singano" na kumwamkia kila asubuhi kwa heshima zote. Singano aliitikia "marahaba" kwa sauti ya mtu anayelipishwa.

Sasa palikuwa na desturi moja pale karakana. King'ora cha saa sita kikilia, kila mtu huacha kazi na kwenda kula chini ya paa la korona, wanawake wa jikoni wanapakua ugali na maharage. Mdoe peke yake hakuwa anakwenda. Alibaki kwenye tanuri lake, makaa yakiwa yamefifia, ameweka karai la mchanga juu yake. Kwenye mchanga ule alifukia mihogo. Harufu ya muhogo uliopikwa kwenye mchanga wa moto ilifika mpaka kwenye korona, na watu walimtania: "Mzigua na muhogo wake, hata meneja hawezi kuwatenganisha!" Siku za gia, maana sasa aliletewa pia gia za mashine nyingine za shamba, gia nayo ilikuwamo kwenye karai lile, imekaa juu ya mchanga pembeni mwa mihogo, meno yake yamesuguliwa kwa msasa mpaka yanameta. Mdoe alikula huku akiitazama.

Singano alipita pale mara nyingi akielekea kwenye ugali. Na kila mara Mdoe alisogea kwenye gogo alilokalia, akamwachia nafasi.

"Kaka Singano, karibu. Muhogo umeiva."

"Nimeshiba," alijibu Singano, tumbo linamnguruma.

Kwetu mtu akikukaribisha chakula, hata kama umeshiba, unamega tonge moja, unashukuru, unakwenda zako. Singano alilijua hilo. Angekaa pale dakika ishirini tu, akamega muhogo, akauliza kama watu wanavyouliza wakiwa wanakula, "Hiyo gia inaota moto kwa nini?", kisa hiki kisingekuwapo. Lakini hakumega. Akajiambia kwamba Mdoe anaipasha gia moto ili oili ikauke, na kwamba yote yale ni maringo ya kutaka kuonekana anafanya kazi wakati wenzake wanakula.

Mwaka ule Mzee Kaniki akatangaza kwamba mwisho wa mwezi wa sita anastaafu, anarudi kwao Bumbuli kulima chai. Kiti cha fundi mkuu kitakuwa wazi. Watu wakaanza kutazamana na kunong'ona majina mawili. Singano alikuwa na miaka kumi na minne, Mdoe hata miwili hajatimiza. Kwa hesabu ya kawaida hapakuwa na la kuuliza, lakini meneja alikuwa akiuliza.

Ikatokea gia ile ya Mdoe, baada ya mwaka na miezi miwili, ikaanza kuchoka. Meneja akawaita wote wawili mbele ya Mzee Kaniki.

"Kila mmoja atengeneze gia yake, mwanzo mpaka mwisho," alisema. "Kukata, kuchonga, na moto. Mzee atazipima mbele ya watu. Itakayoshinda inaingia kwenye korona, na aliyeitengeneza tutajua la kumfanyia."

Singano alitoka ofisini miguu haigusi chini. Kuchonga, Mdoe hamfikii hata robo. Kilichobaki ni moto, na moto alikuwa ameuchungulia.

Alikuwa ameuchungulia sana. Kwa miezi mingi alisimama kwenye dirisha la stoo, akaona jinsi Mdoe anavyoigusa gia iliyo motoni kwa sumaku aliyoifunga kwenye waya. Sumaku ikiwa bado inanata, anaendelea kuvukuta. Ikikataa kunata, anaitoa gia palepale na kuizamisha kwenye oili. Singano alihesabu kila pumzi. Akaenda nyumbani, akafungua redio, akang'oa sumaku ya spika. Mwantumu alilia, kwa sababu redio ile alikuwa amenunuliwa alipojifungua Chausiku. Singano akamwambia, "Nikiwa fundi mkuu nitakununulia mbili."

Akaichonga gia yake kwa siku kumi na mbili. Wanaojua wanasema hapajapata kuonekana kazi kama ile Kwemhosi. Kisha akawasha tanuri, akavukuta, akagusa kwa sumaku, ikanata. Akavukuta tena. Sumaku ikakataa. Akazamisha gia kwenye pipa, oili ikatoa moshi na kunguruma, na alipoitoa ilikuwa nyeusi na ngumu. Akaipanguza kwa tambara, akaifunga kwenye gunia, akaenda kulala. Kwake ilikuwa imekwisha.

Jumamosi watu wakakusanyika. Kipimo cha karakana kilikuwa kimoja tangu enzi za baba zao: tupa. Tupa ikila chuma, chuma ni laini. Tupa ikiteleza, chuma ni kigumu. Hawakujua kipimo kingine, wala hawakuwahi kukihitaji, kwa sababu maisha yao yote vyuma vyao viliharibika kwa ulaini tu.

Mzee Kaniki akaanza na gia ya Mdoe. Akaisugua kwa tupa mara tatu, akainama kuitazama. Palikuwa na mkwaruzo mwembamba kama unywele. Watu wakaguna.

Akaishika ya Singano. Tupa ikalia kwa sauti nyembamba, ikateleza, ikateleza tena. Mzee akakaza mikono yote miwili. Hakuna alama. Meno ya tupa ndiyo yaliyopoteza makali.

"Lahaula!" akasema Mzee Kaniki. "Tupa imeshindwa!"

Watu wakapiga vigelegele. Mtu mmoja akamnyanyua Singano mabegani. Na hapo juu, katikati ya furaha yake yote, mnajua alikuwa anatazama nini? Alikuwa anatafuta uso wa Mdoe, aone kama umeumia. Haukuwa umeumia. Ulikuwa na wasiwasi, na hilo likamharibia nusu ya utamu.

Watu walipotawanyika, Mdoe akamfuata stoo, akausukuma mlango ukafungika.

"Hongera, kaka Singano. Meno kama haya sijapata kuyaona."

"Ahsante."

"Samahani, kaka, nakuuliza kama mdogo wako. Gia hii uliirudisha motoni?"

"Kuirudisha vipi? Imeshatoka motoni, imeingia kwenye oili, imekwisha."

Mdoe akashusha pumzi. "Haijaisha, kaka. Hivi ilivyo ni ngumu, lakini haina uvumilivu. Ikipata kishindo itapasuka. Lazima irudi kwenye moto mdogo, wa polepole, mpaka rangi ipande kwenye meno, manjano, halafu kahawia, halafu inakaribia zambarau. Inapoteza ugumu kidogo, ndiyo maana tupa ilinikwaruza. Ule mkwaruzo niliutaka mwenyewe."

Singano akacheka. "Umeshindwa, sasa kushindwa kumekuwa ndiyo ufundi."

"Basi nipe hii usiku huu. Nitairudisha mimi, kesho asubuhi utaikuta hapa hapa. Sitamwambia mtu. Jina libaki lako."

Wajukuu zangu, neno hilo la mwisho ndilo lililoharibu. Jina libaki lako! Singano alisikia damu inampanda masikioni. Kumbe hata jina lake mwenyewe ni la kuachiwa na Mdoe, kama mtu anavyomwachia mwenzake mabaki ya chakula.

"Unataka kunitilia mchanga kitumbua changu," akasema. "Miaka kumi na minne nimekaa hapa, hujazaliwa kwenye ufundi. Umenichukulia gia zangu zote. Hii moja huigusi!"

"Itavunjika, kaka."

"Na ivunjike! Ikivunjika itavunjika ikiwa yangu!"

Sauti zao zilivuka ukuta. Nje walikuwapo watu wawili watatu wanafunga viatu, wakayasikia maneno ya Mdoe: "Itavunjika." Hayo ndiyo waliyoondoka nayo. Na Mdoe, kwa kuwa alikuwa mkweli kuliko alivyokuwa mwerevu, akaenda pia kwa meneja akamwambia gia ile itavunjika. Meneja akamjibu kwamba tupa haina kijicho.

Gia ikafungwa Jumatatu. Jumatatu na Jumanne korona ikaimba. Singano alizunguka karibu yake kama mama mwenye mtoto mchanga. Kila aliyepita alimwambia, "Gia ya Singano hiyo," naye alijifanya hasikii ili arudiwe kuambiwa. Nadhani zile siku mbili ndizo siku tamu kuliko zote alizowahi kuishi.

Jumatano ilikuwa imenyesha mvua. Majani yaliletwa mazito, yamelowa, na saa nne asubuhi tita kubwa kupita kiasi likaingia kwenye korona kwa mkupuo. Mashine ikashtuka. Ndani ya giaboksi ukasikika mlio mmoja mkali, kama sahani ya udongo inapoanguka kwenye saruji, kisha vishindo vikafuatana, meno yaliyovunjika yanasagwa na gia kubwa, na kifuniko cha giaboksi kikapasuka kati. Kipande cha chuma kikaruka, kikampiga Bi Hadia, mama aliyekuwa akilisha majani, kikamchana paja. Kingepanda shibiri mbili juu tungekuwa tunasimulia msiba.

Korona ikanyamaza. Kabla mota haijapoa, maneno yalikuwa yameshazunguka.

"Alisema itavunjika."

"Nilimsikia kwa masikio yangu, Jumamosi, stoo."

"Watu wa ukoo wa wahunzi hao. Babu zao walikuwa wakizungumza na moto."

"Ameshindwa kwa tupa, ameshinda kwa dawa. Kikulacho ki nguoni mwako!"

Saa saba meneja akaita mkutano wa watu wote kwa saa nane, chini ya paa la korona. Kila mtu alijua unahusu nini. Mdoe atafukuzwa, na kama hataondoka kabla ya jua kuzama, wapo waliokuwa wameahidi kumsindikiza kwa njia yao.

Singano aliachwa karakana akikusanya vipande vyake kwenye ndoo. Nitasema kweli, maana hadithi ya uongo haina faida: alifurahi. Gia yake ilikuwa imevunjika, lakini haikuvunjwa na yeye. Jina lake lilikuwa safi, na Mdoe anaondoka. Asingeweza kuomba zaidi ya hapo. Hakutakiwa hata kusema uongo. Alitakiwa kunyamaza tu.

Akaokota jino moja lililokatika. Mahali lilipokatikia palikuwa na chembechembe za kijivu zinazometa, hapakuwa na dalili ya kuvutika wala kupinda. Kwa miaka kumi na minne alikuwa ameona gia zikilika, zikipinda, zikisagika. Hakuwahi kuona chuma kilichokatika kwa usafi namna ile. Akataka kujiridhisha kwamba ni dawa. Akaweka jino lile juu ya kipande cha reli, akalipiga nyundo pigo dogo tu. Likapasuka vipande vitatu.

Karai la Mdoe lilikuwa bado juu ya makaa. Singano alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akachukua jino jingine, akalisugua kwa msasa mpaka likameta, akaliweka juu ya mchanga wa moto, akakaa kwenye lile gogo.

Kwanza hapakuonekana kitu. Kisha manjano kama ya majani makavu ikaanza kutambaa kwenye chuma, ikakolea, ikawa kahawia. Zambarau ilipoanza kuchungulia akalitoa kwa koleo, akalingoja lipoe. Akaliweka kwenye reli. Akapiga. Nyundo ikaruka mkononi. Akapiga kwa nguvu zaidi. Jino lilikuwa na alama ndogo tu ya nyundo, nalo lilikuwa zima.

Ulikuwa moto mdogo ule ule wa saa sita, aliokaribishwa kuukalia mara mia.

Akasikia king'ora cha saa nane. Alikaa bado. Msidhani wivu ulimtoka pale kama shetani anavyopungwa. Haukutoka. Ulimwambia, nyamaza, Singano. Hakuna aliyekuona. Tupa jino hilo kwenye pipa la oili, nenda kakae nyuma ya watu, na wiki ijayo wewe ni fundi mkuu. Alinyanyuka akaenda mpaka kwenye pipa. Alisimama pale.

Huko korona, meneja alikuwa ameshasema. Mdoe alisimama peke yake, watu wamemwachia nafasi kubwa pande zote.

"Nilisema itavunjika kwa sababu nakijua chuma," alikuwa akisema. "Sina dawa mimi." Wengine wakamzomea.

Ndipo Singano akatokea, amebeba kipande cha reli begani na nyundo mkononi. Watu wakampisha, wakidhani amekuja kumpiga Mdoe nayo, na ninaogopa wapo waliotamani hivyo. Akaitua reli mbele ya meneja. Akaweka juu yake meno mawili. Akamtafuta Bi Hadia, aliyekuwa ameketi na paja lake limefungwa kanga.

"Mama, wewe ndiye uliyeumizwa," akamwambia. "Njoo upige wewe."

Bi Hadia akachechemea akaja. Akapiga jino la kwanza, likatapanyika, watu wakaruka nyuma. Akapiga la pili, nyundo ikarudi juu. Akapiga tena, mara tano, kwa hasira zake zote za siku ile. Jino lilibaki pale pale.

"Yote mawili ni ya gia yangu," Singano akasema. "Gia moja, chuma kimoja. Hili la kwanza liko kama nilivyolitoa kwenye oili. Hili la pili nimelirudisha motoni sasa hivi. Hapa hapana dawa, jamani. Chuma kisichorudi motoni ni kioo."

Meneja akauliza, "Nawe ulikuwa hujui?"

Hapo ndipo angeweza kusema "sikujua" na angekuwa amesema kweli nusu. Singano akamtazama Mdoe, kwa mara ya kwanza, nadhani, bila kutafuta kitu usoni mwake.

"Niliambiwa," akasema. "Huyu aliniambia, kwa heshima, tukiwa wawili tu. Akataka kunifanyia yeye mwenyewe na jina aniachie mimi. Nikakataa. Sikukataa kwa sababu nilidhani ni uongo. Nilikataa kwa sababu ni yeye aliyesema."

Hakuna aliyezomea. Bi Hadia aliirudisha nyundo chini taratibu, kama vile ni yake.

Mdoe akawa fundi mkuu mwezi uliofuata. Watu walidhani Singano ataondoka, lakini hakuondoka. Alichonga gia nyingine kwa ajili ya korona, meno ishirini na moja, na mchana ule king'ora kilipolia Mdoe akamsogezea koleo, akamwachia yeye aamue rangi ya kutolea. Waliitazama pamoja ikipanda. Gia ile ilifanya kazi miaka miwili na nusu.

Na watu, kwa kuwa watu ni watu, wakaiita gia ya Mdoe.

Inasemekana Singano alilisikia jina hilo mpaka siku aliyostaafu, na kila alipolisikia lilimchoma kidogo. Aliwahi kumwambia Mzee Kaniki kwamba wivu haukumwisha, ila ulimpungua ule ugumu wake. Lakini yale aliyoyasema mbele ya reli hayakuitwa ya Mdoe hata siku moja. Wakataji waliyabeba mashambani, madereva wakayapeleka Korogwe na Muheza, na kila waliposhuhudia mtu aliyekaza moyo wake akidhani kukaza ndiyo nguvu, walisema, kama alivyosema Singano: chuma kisichorudi motoni ni kioo.